Ngeli, Upatanisho na Uchomoaji wa Kiolesura: Zana ya Kusuka Upya Msimbo wa Kompyuta na Somo Lake kwa Taaluma ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza kazi ya zana moja inayotumiwa na watunga programu za kompyuta. Zana hiyo huchunguza sehemu ya programu iliyokwisha andikwa, ikatenga kile ambacho sehemu hiyo inawaahidi wengine na namna inavyoitimiza ahadi hiyo, kisha ikausahihisha msimbo unaobaki ili utegemee ahadi badala ya utekelezaji. Kazi hiyo tutaiita uchomoaji wa kiolesura.

Msomaji wa kurasa hizi, ambaye kwa kawaida hutarajia mijadala ya sarufi, fasihi na istilahi, ana haki ya kuuliza jambo hili limefuata nini humu. Tuna sababu mbili. Ya kwanza inamhusu mwanafunzi. Kijana anayeishi Kasapa au Kalebuka, katika komini ya Annexe inayouzunguka mji wa Lubumbashi, huzungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, hufundishwa kwa Kifaransa chuoni, na anapofungua kompyuta hukuta msimbo ambao maneno yake yametokana na Kiingereza. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Hata hivyo, kijana huyo huambiwa mara nyingi, au hujiambia mwenyewe, kwamba lugha yake haina nafasi katika elimu ya aina hii. Sababu ya pili inaihusu sarufi. Tutajaribu kuonyesha kwamba dhana iliyo ndani ya zana hii si ngeni kwa mtu aliyesoma ngeli za Kiswahili. Kinyume chake, wanasarufi wetu walipambana na tatizo lilelile, na jibu walilolipata linafanana sana na lile la watunga programu.

Kwa hiyo tutaanza na istilahi, tueleze tatizo, tulilinganishe na upatanisho wa kisarufi, kisha tuifuate zana hatua kwa hatua. Baada ya hapo tutatazama mfumo mmoja uliokulia Eldoret, Kenya, na mwisho tutauliza ni nini ambacho zana haiwezi kukiamua kwa niaba ya binadamu.

2.0 Kuhusu istilahi

Jitihada za kukipa Kiswahili istilahi za kompyuta zina historia. Mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, chini ya jina la Jambo OpenOffice. Istilahi zilizopatikana kwa njia hiyo na nyinginezo zilimlenga zaidi mtumiaji: faili, kabrasha, chapisha, hifadhi. Istilahi za mtunga programu mwenyewe hazijapata bahati hiyo. Katika makala hii tutatumia maneno yafuatayo.

Msimbo ni maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mtunzi wake. Klasi ni fungu la msimbo linaloeleza aina moja ya vitu: taarifa gani vinahifadhi na matendo gani vinaweza kufanya. Tendo ni kazi moja ambayo kitu cha klasi hiyo kinaweza kuombwa kuifanya. Kigeu ni jina linaloshika kitu ndani ya programu. Katika lugha kama Java kila kigeu lazima kiwe na aina yake. Kiolesura ni orodha ya matendo tu, bila kueleza yanavyofanywa. Klasi inayokubali kiolesura hujifunga kuyatekeleza matendo yote yaliyoorodheshwa. Neno hili limezoeleka zaidi kwa maana ya uso wa programu unaoonekana kwenye kioo, lakini maana tunayoitumia hapa ni ya ndani zaidi: ni mkataba kati ya sehemu mbili za msimbo. Kompaila ni programu inayoukagua msimbo na kuugeuza uwe amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Hatimaye, kusuka upya ni kuubadilisha muundo wa msimbo pasipo kubadilisha kile ambacho programu inafanya, kama msusi anavyofumua nywele na kuzisuka kwa mtindo mwingine huku kichwa kikibaki kilekile.

Msomaji ataona kwamba hatukutumia neno ngeli kwa maana ya klasi, ingawa maneno hayo mawili yanaelekea kufanana. Tumefanya hivyo kwa makusudi, na sababu itaonekana katika sehemu ya nne.

3.0 Tatizo lenyewe

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anatunga programu ya kituo kidogo cha afya. Anaandika klasi moja, DaftariLaDiski, yenye matendo matano: andikisha, tafuta, sahihisha, hesabu na nakili. Manne ya kwanza yanahusu wagonjwa. La tano hulinakili faili zima la diski kwenye chombo cha akiba. Sehemu nne za programu zinalitumia daftari hili. Mapokezi huandikisha na kutafuta. Ripoti huhesabu. Akiba hunakili. Sehemu ya kufunga siku huhesabu wagonjwa wa siku hiyo, kisha hulikabidhi daftari kwa sehemu ya akiba.

Programu inafanya kazi vizuri kwa mwaka mmoja. Kisha kituo kinapata kompyuta ya pili, na wagonjwa lazima wahifadhiwe katika hifadhidata inayoweza kusomwa na mashine zote mbili. Mwanafunzi anaandika klasi mpya, DaftariLaHifadhidata. Hapo ndipo anapogundua kwamba kila sehemu ya programu imelitaja DaftariLaDiski kwa jina. Mapokezi hayahitaji kujua kama jina la mgonjwa linalala kwenye faili au kwenye hifadhidata. Yanahitaji kuandikisha na kutafuta tu. Lakini kwa kuwa yamelitaja DaftariLaDiski, kompaila haitakubali yapewe daftari la aina nyingine, hata kama daftari hilo linaweza kufanya yote yanayotakiwa.

Tiba yake inajulikana. Kinaandikwa kiolesura, tukiite Daftari, chenye matendo manne: andikisha, tafuta, sahihisha na hesabu. Klasi ya zamani na klasi mpya zote zinakikubali. Kisha sehemu za programu zinasahihishwa ili zitaje Daftari badala ya DaftariLaDiski. Katika programu yenye kurasa kumi kazi hii ni ya saa moja. Katika programu yenye maelfu ya mafaili ni kazi ya kuchosha, na mchoko huzaa makosa. Ndiyo sababu ikatungwa zana ya kuifanya.

4.0 Ngeli: umbo na upatanisho

Kabla ya kuieleza zana, na tuligeukie jambo ambalo wasomaji wa kurasa hizi wanalifahamu kuliko watunga programu.

Wataalamu wa karne ya 19 walioziainisha nomino za lugha za Kibantu, Wilhelm Bleek katika kitabu chake cha mwaka 1862 na baadaye Carl Meinhof mwaka 1899, walizipanga kwa kutazama viambishi vya nomino zenyewe. Sarufi nyingi za Kiswahili zilizofuata zilishika njia hiyo: M-WA, M-MI, KI-VI na kuendelea. Njia hiyo inatazama nomino ilivyoundwa. Ina manufaa yake, hasa katika kulinganisha lugha na lugha. Lakini ilileta matatizo yanayojulikana na kila mwalimu wa Kiswahili. Nomino kijana, kiziwi, kiboko na kifaru zina umbo la KI-VI, lakini hatusemi *kijana kimefika. Twasema kijana amefika. Nomino daktari na waziri huchukua ma- katika wingi, lakini madaktari wamefika. Simba na paka hawana kiambishi chochote cha kuonekana, nao pia husemwa kwa a- na wa-.

Jibu lililopata nguvu, na ambalo leo linatumika katika vitabu vingi vya shule vya Afrika Mashariki, lilikuwa kuainisha kwa upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA, I-ZI na nyinginezo. Hapa swali si tena nomino imeundwaje, bali inayadai nini maneno mengine ya sentensi. Kitenzi -fika hakihitaji kujua kama kiima chake ni mtoto, kijana, daktari au simba. Kinahitaji kujua tu kwamba kiima hicho ni cha A-WA. Nomino yoyote inayoutimiza mkataba huo inaweza kuwekwa mahali pa nyingine, na sentensi ikabaki sahihi.

Hicho ndicho kiolesura. Umbo la nomino ni klasi, yaani namna kitu kilivyotengenezwa kwa ndani. Upatanisho ni kiolesura, yaani kile ambacho wengine wanaruhusiwa kukitegemea. Wanasarufi walipoiacha orodha ya maumbo na kuijenga orodha ya mapatano, walikuwa wakichomoa violesura kutoka katika klasi, ingawa hawakuliita tendo lao kwa jina hilo. Kutokana na hayo inafuata pia kwamba mfasiri atakayelitafsiri jina la klasi kwa neno ngeli atampotosha mwanafunzi, kwa maana ngeli kama inavyofundishwa shuleni leo iko karibu zaidi na kiolesura.

Mlinganisho huu unaweza kusogezwa mbele kidogo. Katika lugha nyingi za programu klasi moja inaweza kukubali violesura viwili au vitatu kwa wakati mmoja, na wanafunzi wengi huona jambo hilo gumu. Lakini tazama sentensi hii: Rafiki yangu amefika. Kivumishi cha kumiliki kimepatana na rafiki kwa i-, na kitenzi kimepatana nayo kwa a-. Nomino moja imeshika mikataba miwili, mmoja kwa vimilikishi na mwingine kwa vitenzi, wala msemaji hababaiki.

Hali kadhalika, msemaji wa Lubumbashi husema batoto balifika pale ambapo mtu wa Unguja atasema watoto walifika. Kiambishi ni kingine, lakini kazi ni ileile: kitenzi kinarudia kile kilichotangazwa na nomino. Ndiyo maana wawili hao, wakikutana, hupata njia ya kuelewana mapema kuliko mgeni anayejua maneno mengi lakini hajui upatanisho.

5.0 Zana inavyofanya kazi

5.1 Asili yake

Kusuka upya msimbo ni desturi ya zamani, lakini utafiti wake wa kitaaluma hutajwa zaidi kuanzia tasnifu ya William Opdyke, iliyowasilishwa mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, chini ya usimamizi wa Ralph Johnson. Katika chuo hichohicho, John Brant na Don Roberts walitunga zana ya kusuka upya msimbo wa lugha ya Smalltalk. Mwaka 1999 Martin Fowler alichapisha kitabu kilichoziorodhesha mbinu za kusuka upya na kuzipa majina, na uchomoaji wa kiolesura ulikuwa mmojawapo. Kuanzia mwaka 2001, karakana za kuandikia msimbo wa Java kama vile IntelliJ IDEA na Eclipse zilianza kuenea, na baada ya muda amri iitwayo Extract Interface ikawa jambo la kawaida katika menyu zake. Mwaka 2003 Frank Tip, Adam Kieżun na Dirk Bäumer walieleza hesabu ambayo zana ya aina hii inaihitaji ili isiharibu programu. Maelezo yafuatayo yanafuata wazo lao kwa lugha nyepesi.

5.2 Hatua tatu

Hatua ya kwanza ni ya mtu. Mtunga programu anaionyesha zana klasi anayoitaka, anakipa kiolesura jina, na anachagua matendo ya kuingiza. Zana humwonyesha yale tu yanayoruhusiwa: matendo yaliyo wazi kwa wengine na yanayotendwa na kitu chenyewe. Matendo ya siri ya klasi hayaingii, kwa kuwa hakuna mkataba juu ya jambo ambalo upande wa pili haulioni.

Hatua ya pili ni rahisi kwa mashine. Zana inaandika faili jipya lenye kiolesura, na katika klasi ya zamani inaongeza tamko kwamba klasi hiyo inakikubali. Mpaka hapa hakuna kilichobadilika kwa watumiaji wa klasi.

Hatua ya tatu ndiyo yenye ugumu. Zana inapaswa kutafuta kila mahali palipotangazwa DaftariLaDiski na kuamua kama panaweza kutangazwa Daftari. Msomaji anaweza kudhani kwamba inatosha kutazama matendo yanayoitwa mahali hapo. Haitoshi, na mfano wetu unaonyesha kwa nini.

Zana huanza kwa kudhani kwamba vigeu vyote vinaweza kubadilishwa: cha mapokezi, cha ripoti, cha akiba na cha kufunga siku. Kisha huondoa visivyowezekana. Kigeu cha akiba kinaondolewa mara moja, kwa sababu kinaita nakili, tendo ambalo halimo katika kiolesura. Kigeu cha kufunga siku hakiiti nakili. Kinaita hesabu tu, na hesabu imo. Lakini daftari lililoshikwa na kigeu hicho linakabidhiwa kwa akiba, na akiba inadai DaftariLaDiski. Kigeu cha kufunga siku kikitangazwa Daftari, kompaila itaikataa programu, kwa sababu si kila Daftari ni DaftariLaDiski. Kwa hiyo nacho kinaondolewa. Sasa zana inaanza tena: je, kuna kigeu chochote kinachokabidhi kitu chake kwa kile kilichoondolewa hivi punde? Kikiwapo, nacho kinaondolewa, na zana inarudia hadi ipite mzunguko mzima bila kuondoa kitu. Vilivyobaki, katika mfano wetu kigeu cha mapokezi na cha ripoti, vinabadilishwa. Mahali ambapo daftari linaundwa kwa mara ya kwanza hutajwa klasi kama zamani, kwa kuwa kiolesura hakiwezi kuzaa kitu.

Ikumbukwe kwamba makabidhiano yana mwelekeo. Sehemu ya kufunga siku inaweza kumpa mtu wa ripoti daftari lake bila tatizo, kwa sababu kila DaftariLaDiski ni Daftari. Kinyume chake hakiwezekani.

Mwanafunzi wa sarufi atautambua mwendo huu wa kufuata athari kutoka neno hadi neno. Ukichukua sentensi Kitabu changu kile kizuri kimepotea na ukaamua kuanza na vitabu, huwezi kuishia kwenye nomino. Sharti useme Vitabu vyangu vile vizuri vimepotea. Badiliko moja linavuta kila neno lililofungamana nalo, na neno moja likisahauliwa sentensi yote huchechemea. Msemaji hulifanya hili bila kufikiri. Mashine hulifanya kwa kuhesabu.

5.3 Mahali zana isipofika

Zana huona msimbo uliowekwa mbele yake tu. Ikiwa mtu wa mji mwingine ameandika sehemu inayoitumia klasi yako, na sehemu hiyo haimo katika kompyuta yako, zana haiwezi kuihesabu. Aidha, lugha kama Java huruhusu tendo kuitwa kwa jina lililoandikwa kama maneno ya kawaida, jina ambalo linajulikana tu wakati programu inapoendeshwa. Mwito wa namna hiyo hauonekani kwa mkaguzi anayesoma msimbo ukiwa umelala. Kwa sababu hizi kila aliyesuka upya hushauriwa kuziendesha tena majaribio yote ya programu kabla ya kuitoa kwa watumiaji.

6.0 Mfano wa Eldoret

Ili tusibaki katika mifano ya kubuni, tutazame mfumo ulioanzia katika eneo letu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, ulianzishwa mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mfumo huo ulijengwa juu ya Microsoft Access, programu ya hifadhidata inayofaa ofisi ndogo. Matibabu ya wagonjwa wa UKIMWI yalipopanuka magharibi mwa Kenya, idadi ya wagonjwa na ya vituo ilizidi uwezo wa chombo hicho. Kutokana na haja hiyo, mwaka 2004 ulianza mradi wa OpenMRS, na mwaka 2006 mfumo mpya ukaanza kutumika Eldoret. Tangu hapo umeenea katika nchi nyingi, Rwanda ikiwa miongoni mwa zile za mwanzo.

OpenMRS umeandikwa kwa Java, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Anayeusoma hukuta mpangilio unaojirudia. Kuna kiolesura PatientService, kinachoorodhesha matendo yanayohusu wagonjwa. Kuna klasi PatientServiceImpl, inayoyatekeleza. Chini yake kuna kiolesura PatientDAO, kinachoahidi kuwasoma na kuwahifadhi wagonjwa, na klasi HibernatePatientDAO, inayoitimiza ahadi hiyo kwa kutumia maktaba ya programu iitwayo Hibernate. Mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa kukusanya takwimu za afya katika nchi nyingi zikiwamo Kongo, Kenya, Tanzania na Uganda, una desturi ya namna hiyo pia.

Hatusemi kwamba violesura hivi vilichomolewa kwa zana. Vingi huandikwa kwa mkono tangu mwanzo. Tunachosema ni kwamba vinaonyesha thamani ya kile ambacho zana inakitafuta. OpenMRS umejengwa ili watu wa nchi mbalimbali waweze kuuongezea sehemu zao wenyewe. Mtunga programu wa Kigali au wa Nairobi anayeandika fomu mpya ya kliniki hupaswa kuyajua matendo ya PatientService tu. Namna mgonjwa anavyohifadhiwa inaweza kubadilishwa chini yake bila yeye kuigusa fomu yake.

Hapo pia ndipo inapoonekana gharama ya mkataba. Kiolesura kikishatolewa kwa umma, kukiongezea tendo jipya ni kumdai kila aliyekikubali alitekeleze. Hadi Java 8 ilipotoka mwaka 2014 na kuruhusu kiolesura kiwe na utekelezaji wa msingi, nyongeza ya namna hiyo ilizivunja klasi za watu ambao mtunzi hakuwahi kuwaona. Katika hospitali, kuvunjika kwa programu kuna maana ya muuguzi asiyeweza kulifungua jalada la mgonjwa aliyeketi mbele yake.

7.0 Yale ambayo zana haiyajui

Turudi kwenye hatua ya kwanza, ile ya mtu. Zana inaweza kukuambia kama uchaguzi wako utavunja programu. Haiwezi kukuambia kama una maana. Ukichagua matendo yote matano ya DaftariLaDiski, pamoja na nakili, zana itatii. Vigeu vyote vinne vitabadilishwa, na mtazamaji wa juujuu atasema kazi imefanikiwa kuliko ile ya kwanza. Kumbe kiolesura hicho ni kibovu: kinaahidi kunakili faili la diski, jambo ambalo daftari la hifadhidata halina njia ya kulitimiza. Umbo la ndani limepenya kwenye mkataba, sawa na mtu atakayedai kwamba kila nomino ya A-WA lazima ianze na m-.

Kosa la pili ni la wingi. Kwa kuwa zana imeifanya kazi iwe nyepesi, wako wanaochomoa kiolesura kutoka kila klasi. Matokeo yake ni majina yanayokwenda mawili mawili, kiolesura na klasi yake pekee, hadi msomaji wa msimbo anachoka kufungua faili moja ili aelekezwe kwenye jingine. Wengine kwa kuliona hilo husema kwamba kiolesura chenye klasi moja hakina haki ya kuwapo.

Sarufi yetu inatufundisha tusikimbilie hukumu. Ngeli ya mahali, PA-KU-MU, kwa desturi ina nomino moja tu ya asili, nayo ni mahali. Je, tuifute? Hatuwezi, kwa sababu upatanisho wake unatumika kila siku: nyumbani pake, sokoni kuna watu, mfukoni mwangu mna tundu. Nomino yoyote ikivikwa -ni huingia katika mkataba huo. Kipimo cha ngeli, basi, si idadi ya nomino zilizomo bali ni kama maneno mengine yanauhitaji upatanisho wake. Tunadhani kipimo hichohicho kinafaa kwa kiolesura. Swali la kuuliza si klasi ngapi zinakitekeleza, bali ni sehemu zipi zinakitegemea na kama zinastahili kulindwa dhidi ya mabadiliko ya ndani.

Ulinganisho wetu nao una mipaka, na ni vema kuikiri. Ngeli hazikutungwa na mtu mmoja, wala msemaji hachagui nomino yake iwe ya ngeli gani. Kiolesura hutungwa na mtu mwenye jina, kwa sababu anayoweza kuulizwa. Ndiyo maana hatua ya kwanza haiwezi kuachiwa mashine.

8.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba uchomoaji wa kiolesura ni kutenga ahadi na utekelezaji, kwamba zana huifanya kazi hiyo kwa kudhani yote yanawezekana kisha kuondoa yasiyowezekana hadi pasibaki la kuondoa, na kwamba uamuzi wa nini kiahidiwe unabaki kwa mtu. Tumeonyesha vilevile kwamba tofauti kati ya umbo na upatanisho, ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huipata mapema katika masomo yake, ni mlango mzuri wa kuingilia katika dhana hii.

Tuna mapendekezo mawili. Kwa waunda istilahi, tunashauri neno ngeli lisitumiwe kutafsiri jina la klasi, na neno kiolesura lifafanuliwe katika kamusi zijazo kwa maana zake zote mbili, ya uso na ya mkataba. Kwa walimu wa sayansi ya kompyuta huko Lubumbashi na kwingineko kunakozungumzwa Kiswahili, tunashauri somo hili lianzie ubaoni kabla ya kuanzia kwenye mashine. Mwalimu aandike kijana amefika, aulize kwa nini si kimefika, na awaache wanafunzi wajibu kwa lugha wanayoijua. Jibu watakalolitoa, hata likitolewa kwa ba- badala ya wa-, litakuwa na nusu ya somo ndani yake. Nusu nyingine inaweza kufundishwa kwa Kifaransa, kwa Kiingereza au kwa lugha yoyote ile, lakini mwanafunzi atakuwa ameingia darasani akijua kwamba lugha yake ilikwisha lifikiria jambo hilo.